Jawabu la Pili

Miaka kumi na minne nimesema: zimeni simu.
Leo nikasema: washeni,
na ukumbi mzima wa Chiromo ukanicheka.

Swali nikalitundika ukutani:
Wapangaji tisa wameketi kibarazani, Kawangware.
Mwenye ploti akaja, akaketi nao.
Wastani wa mapato umeruka.
Ni nani aliyetajirika?

Vidole vikagonga vioo.
Nguzo za rangi zikapanda,
na ile ya "wote" ikazipita zote:
sitini na mmoja kati ya tisini.
Mimi ndiye niliyewafundisha wastani.

Ulimi ukaniwasha. Nikaumeza mhadhara,
kazi ngumu kuliko kuutoa.
Geukianeni, nikasema. Bishaneni. Kisha mpige kura upya.

Mutheu simu yake ni mulika mwizi,
haina kioo cha kugonga;
akamshika Lekishon mkono kabla hajabonyeza:
"Huyo mpangaji wa nne ni baba yangu.
Wastani umepanda, sawa. Sufuria yetu je?"
Lekishon akafuta, akaanza upya,
safari hii akiwapanga foleni, wa chini hadi wa juu,
akitafuta wa katikati.

Hapo stima ikapotea.
Ukumbi wetu hauna dirisha.
Ukuta ukarudi kuwa ukuta.
Mutheu akawasha kurunzi yake, akaielekeza ubaoni,
na chaki, iliyokwisha kustaafu, ikaitwa kazini.

Jawabu la pili sikulisoma.
Nililisikia, safu kwa safu,
hadi wale wa saa nane wakabisha mlango.