Zamu ya Maji

Mwalimu Mtui alisema: dakika saba, si nane.
Mada chagueni wenyewe, ila isimame kwa miguu yake
kama meza ya fundi wa Kiboriloni.

Nikanunua manila moja na peni nene mbili
(nyekundu ilikuwa imekauka tangu dukani),
nikaandika kwa herufi za kujisifu:
MFEREJI WETU WA MBOKOMU: CHANZO, FAIDA, CHANGAMOTO.
Nikakariri zizini, mbele ya ndama.
Ndama ni hadhira njema, hanong'oni, haangalii saa.

Shangazi Aikaeli alipita na mzigo wa majani kichwani,
akasimama, akanisikiliza hadi nilipofika kwenye "rasilimali".
"Mbona unasoma kama karani wa mnada?
Hayo maji unayoyasema, yana baridi kweli?"
Akaenda zake.
Nilikasirika. Usiku nikafuta nusu.

Ukuta wa darasa ulikuwa na unyevu wa Aprili,
gundi haikushika.
Manila ikajikunja taratibu, ikateremka nyuma ya kabati
kama jani la mgomba lililochoka.
Kundaeli alianza kucheka, kisha dawati lao lote.
Magoti yangu yakapiga hodi pasipo mlango.
Neno langu la kwanza lilikuwa "chanzo".
Nililitafuta. Halikuwepo.

Nikachukua chaki.
Nikachora mstari mmoja mrefu, umepindapinda,
toka kona ya juu ya ubao hadi chini kwenye vumbi la kifutio.
"Hapa," nikasema, "saa nane usiku, mama yangu
husimama na jembe, na tochi yenye betri za kubahatisha.
Zamu yetu ni Jumanne.
Anaondoa bonge la udongo na magome ya migomba,
maji yanasita kidogo, kama mgeni anayevua viatu,
kisha yanaingia.
Unayasikia kabla hujayaona.
Akichelewa, kahawa itasubiri wiki nzima."

Darasa likanyamaza. Si ule ukimya wa kuogopa fimbo,
ule mwingine.
Nikamtazama Ndelilio wa dirishani,
nikamtazama Hawa Mfinanga,
nikathubutu hata kumtazama Kundaeli.

Naye ndiye aliyeinua mkono.
"Na mtu akifungua maji siku isiyo yake?"

Hilo sikulikariri.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
"Sijui," nikasema. "Nitauliza nyumbani."

Kumi na nne kwa ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu usiokauka:
*Sauti nzuri. Hitimisho liko wapi?*

Alhamisi usiku nikasikia komeo.
Nikamfuata mama hadi mferejini, nikamshikia tochi,
nikamwuliza swali la Kundaeli, neno kwa neno.

Jembe likabaki hewani.
"Nani," akasema, "kakutuma?"

Maji yalikuwa yameshaanza kuingia.
Nikazima tochi.