Makombo

Beata alimbandika Thureya vidude vitatu,
pajini, kisogoni, begani,
akalivika sikio kofia ndogo kama kifuniko cha chupa
akatuomba tunyamaze.
Nje, Barabara ya Wellingborough haikujua kunyamaza:
basi lilikohoa, mtu akamwita mbwa wake,
na mvua ile ya Northampton, isiyonyesha wala kukatika,
ikawa inachorachora dirisha.
Mashine ikamuuliza mwanangu: je?
Kushoto akajibu.
Kulia, kimya.
Je? ikarudia. Je?
"Hakuna jibu la wazi," akasema Beata,
kwa upole wa neno lililosemwa mara nyingi.
"Pengine ni maji ya uzazi. Yatakauka."

Suweid akanitazama, nami nikamtazama.
Tulikuwa tunaliwaza sikio lile lile.
Ndilo aliloliadhinia,
alfajiri, wodini, koti la kazi likiwa bado mwilini
na harufu ya gundi ya viatu,
kwa sauti ya chini, asimwamshe
Mwingereza wa kitanda cha pili.

Wiki ya pili wakaja na pamba kwenye kijiti,
wakamfuta shavu kwa ndani.
Jibu likaja kwa simu, nimeshika mwiko.
Kirusi chenyewe kina jina refu kama treni ya mizigo:
sitomegalovirasi. Nililiandika nyuma ya risiti,
nikakosea mara tatu.
Una mtoto mwingine mdogo? akauliza Dakta Harcombe.
Ninaye. Haitham, miaka miwili na nusu, yuko chekechea.
Huwa mnakula kijiko kimoja?

Kijiko kimoja!
Dakta, mimi nimelelewa kwenye sinia.
Mama gani kwetu anamwaga uji uliobaki kikombeni?
Nimemaliza ndizi aliyoitafuna upande,
mkate uliolowa, tende aliyoitema
akaniwekea kiganjani kwa heshima
kama mtu anayetoa mahari.
Wiki ya nane, kichefuchefu kikinipanda,
makombo yake ndiyo pekee yaliyokaa tumboni.
Na kila jioni, mlangoni pa chekechea, nilimbusu mdomoni.
Vipeperushi nilivisoma vyote:
cha jibini, cha maini, cha mavi ya paka.
Paka sina.
Cha busu sikukiona.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Wete.
Ulikula nini wewe? Ulitoka nje mwezi ulipopatwa?
Nilikula, nikamwambia, alichobakisha mjukuu wako.
Akakaa kimya hata nikadhani laini imekatika.
Kisha: "Hata mimi ningekula."

Sasa kuna dawa kwenye friji, nyuma ya maziwa,
asubuhi na usiku, miezi sita,
bomba la plastiki lisilo na sindano.
Naishika kwa glavu, kitu ninachomnywesha mwanangu
naogopa kukigusa.
Hairudishi kilichokwenda.
Inalinda kushoto, wanasema, inshallah wanasahau kusema,
naisema mimi.
Kisigino chake kina vitundu vya kuhesabia damu.

Usiku mmoja, akidhani nimelala,
Suweid alimwadhinia tena. Kushoto.
Sikujigeuza.

Jana Haitham akaingia na siri.
Siri zake nazijua harufu: biskuti, rangi ya maji.
Akakizunguka kitanda, akaangalia huku na huku,
akachagua kulia.
Nilitaka kumwambia, baba, huko hakuna mtu.
Kidole kimoja tu begani, ningemgeuza.
Akanong'ona, akanong'ona,
mambo ya siku nzima ya mtu wa miaka miwili na nusu,
na Thureya akawa anapiga mateke hewani.
"Umemwambia nini?"
"Siri," akasema. "Yeye hasemi."

Alipotoka nililipapasa lile sikio.
Lilikuwa limelowa mate.