Safu ya Saba

Kofia hii usiitazame kwa mbali.
Ilete dirishani, igeuze,
weka kidole hapa, ubavuni,
safu ya saba kutoka chini.
Umehisi? Kitambaa kimejikunja kidogo
kama mdomo wa mtu anayemeza neno.

Hapo nilikuwa namfikiria mjomba wako Shaame.

Safu sita za mwanzo nilizishona Rajabu,
baraza ya nyuma, hapa hapa Limbani,
vitobo vimekaa kama punje za mtama,
mkono mwepesi, akili imo kwenye uji wako,
kwenye maji ya bomba yaliyorudi baada ya siku nne,
kwenye mambo madogo yasiyo na deni.

Kisha ikaja habari ya mikarafuu.
Mashina kumi na moja aliyotuachia baba
Shaame kayakodisha kwa mtu wa Konde,
na mimi nimeyasikia dukani, kwenye foleni ya sukari.
Sikusema kitu.
Nilirudi nyumbani, nikachukua sindano.

Siku tisa, Raya.
Kila nilipochoma, moyoni: Shaame.
Nilipovuta uzi: mwizi.
Shaame. Mwizi. Shaame. Mwizi.
Uzi ukakaza, nami sikuuona ukikaza;
mwenye hasira hausikii mkono wake.

Ndipo ukaniuliza, "Mama, unaongea na nani?"
nikakujibu kwa sauti ambayo mpaka leo
ukiikumbuka unainamisha macho.
Muuza dagaa, nikamwona mwizi.
Bi Time alichelewesha kinu changu siku moja tu,
mwizi.
Watu wakaanza kupita njia ya msikitini
wasipite mlangoni kwetu,
nami nikasema: mnaona? Walimwengu hawa!

Safu ya nane nilikuwa nimepoa, au nilidhani.
Itazame. Nayo imepinda,
kwa kuwa safu hujipanga kwa jirani yake,
na ya tisa ikaifuata ya nane,
na hivyo hivyo hadi utosini.

Darajani, Bwana Sleyum hakuivaa, hakuipima.
Alifumba macho, akapitisha gumba
taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba,
na gumba likasimama pale pale.
"Hapa ulikuwa unaumwa?"
Nikasema sikuumwa.
Akanitajia nusu ya bei, kwa upole, bila kunitazama.
Nikaifunga kwenye kanga, nikarudi nayo Pemba.

Usiku ule nilifumua.
Uzi ulitoka wote, mwembamba, mtiifu.
Lakini uzi hufumuliwa, mwanangu;
tundu halifumuliwi.
Nikashona tena juu ya matundu yale yale,
na hiki ndicho unachokigusa.

Sasa usinielewe vibaya.
Fikra njema haioteshi mkarafuu.
Nawajua wenye mioyo ya maziwa
waliolala na njaa mji huu huu,
na Shaame, kwa taarifa yako, amejenga ukuta.
Jumatatu nilikwenda kwa sheha,
nikalitoa lile neno kwa mdomo, mara moja,
mbele ya watu, pamoja na hati ya baba.
Mashina sijayapata. Kesi ingalipo.

Ila nilipotoka pale nilimsalimia muuza dagaa
naye akashtuka, akanizidishia kiganja kizima.
Bi Time alikuja jioni, akakaa mpaka isha,
akaniambia kuna mwalimu wa Chake
anataka kofia tatu za harusi.
Sijui nani aliufungua mlango ule.
Nadhani haukuwa umefungwa na mtu mwingine.

Haya, sogea kwenye mwanga.
Bafta hii ni yako, ya kujifunzia,
ukiiharibu si neno.
Kaa vizuri. Legeza bega.
Kabla hujatia uzi:
unafikiria nini?

La, usiniambie mimi.