Sifuri Nukta Sifuri

Barua ya mwelekeo imefika asubuhi,
kurasa mbili, muhuri umekaa upande.
Machi, Aprili, Mei: mvua za mwaka.
Kwa vilima vya magharibi, Wete hadi Mkoani,
wastani, na pengine juu ya wastani.
Kwa uwanda wa Micheweni
wastani, kushuka chini ya wastani.
Nimeambiwa niibandike skuli, zahanati
na dukani kwa Asaa.

Asaa anauliza huku anapima sukari:
"Huyo Wastani ndiye nani?
Miaka hamsini na tatu niko hapa,
sijamwona akishuka garini."
Nikamweleza: unachukua miaka thelathini,
unaijumlisha, unaigawa.
"Basi ni kama mirathi yetu," akasema.
"Inagawiwa kila siku, na hakuna aliyepata."

Kipimo changu ni mkebe wa shaba,
faneli juu, chupa ndani,
umezungushiwa wavu kwa ajili ya mbuzi wa Bikombo.
Saa tatu asubuhi, Idi, msiba, homa,
nafungua, namimina, nasoma, naandika.
Ukurasa wa Februari umejaa sifuri;
ukiutazama kwa mbali utadhani ni shanga.

Kule Weni na Mtambile udongo ni mwekundu,
jembe linazama kama kijiko katika uji.
Mvua ikikawia, mkarafuu unanung'unika tu.
Huku kwetu udongo ni wa kuazima:
kiganja kimoja baina ya jiwe na jiwe,
na katika kiganja, mbegu tatu za choroko.
Jiwe halinywi, wala halimwekei mwenzake.
Mvua ya jana leo iko chini pangoni,
tunaisikia, hatuifikii.

Machi kumi na saba. Maleleji.
Upepo haujui uvume kutoka wapi,
umesimama mlangoni kama mdeni.
Usiku kucha bati halikulia hata tone.
Asubuhi nafungua kipimo:
milimita kumi na moja nukta nne.

Nikatazama juu. Mbingu kavu, sahani iliyoanikwa.
Nikatazama chini. Vumbi halina hata kovu.
Kalamu ilikwisha gusa karatasi.
Kumi na moja, unajua, si haba:
zingekwenda kwa simu hadi Chake,
zingeingia katika jumla, zikagawiwa,
na mahali fulani, katika ramani ya mtu,
Micheweni ingebadilika rangi.

Nikachovya kidole, nikaonja.

Chumvi.

Maji ya kisima chetu, yale yanayokataa sabuni.
Na kando ya wavu, alama za magoti mawili,
na uzi wa zambarau umenasa katika waya.
Kanga hiyo naijua. Na magoti nayajua:
mama yangu mdogo, Mwatima,
aliyetia mbegu ardhini mapema,
kabla ya barua, kabla ya wingu.
Kwa Mungu alikwisha omba.
Hii, nadhani, ilikuwa nakala kwa serikali.

Nikaandika sifuri nukta sifuri.
Katika safu ya maoni, isiyosomwa na mtu, nikaongeza:
"Kipimo kimekutwa na maji. Si ya mbinguni."
Yale maji sikuyamwaga ovyo.
Niliyapeleka na chupa yake hadi konde la Mwatima,
nikayamimina pale palipo na kiganja.
Yakapita kabla sijamaliza bismillahi.

Jioni alinipitia, hakuketi.
"Mkebe umesema nini?"
"Sifuri."
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo."
Akajifunga kanga upya, ya kijani,
akatazama upande wa Weni, ambako wingu moja
lilikuwa limekaa juu ya watu wengine.
"Mkebe wako," akasema, "una roho ngumu."

Nilitaka kumwambia si mkebe.
Nikamuuliza hali ya miguu yake.

Tangu siku ile naonja kwanza,
halafu nasoma.