Kiganja Kimoja Chini

Sauti ya mashine naijua kuliko ya mume wangu.
Ikiguna, ni msumari.
Ikilia kwa kuvuta, kama mtoto aliyenyimwa titi,
napiga magoti.

Leo imelia mara thelathini na moja
katika shamba la Mae Thongsy:
misumari, kopo la maziwa, jino la jembe,
kijiko, bawaba, tena msumari.
Kila kimoja nimekichimba kwa adabu ileile,
kutoka ubavuni, si utosini,
kwa mwiko mdogo na brashi ya rangi,
kwa kuwa chuma hakitaji jina lake
mpaka ukione uso.

Mara ya thelathini na mbili,
kiganja kimoja chini,
kilikuwa duara.

Ukubwa wa chungwa. Kutu imekivisha koti.
Kimelala hapo tangu mama yangu hajavunja ungo,
mizizi ya mpunga imekikumbatia bila kujua,
mvua za miaka hamsini zimepita juu yake,
nacho hakijasahau hata neno moja
la agizo kililopewa na mtu aliyekuwa juu, mawinguni,
ambaye huenda sasa ni babu wa watu,
amestaafu, anamwagilia maua.

Usimwamshe aliyelala, husemwa, utalala wewe.
Mimi nalipwa mshahara kumwamsha,
ila kwa saa niitakayo.

Nikainua mkono. Sengdao akapuliza filimbi.
Bouakham akaja akikanyaga palepale nilipokanyaga,
akainama, akasema, "Ndilo,"
kama aliyeulizwa iwapo chai imechemka.

Kaka yangu Phouvong aliliona la kwake akiwa na miaka tisa.
Huku Xieng Khouang, Jumapili jioni,
wanaume hurusha matufe ya chuma uwanjani,
yakigongana wanacheka.
Alidhani ni tufe la mtu limepotea.
Alilirusha vizuri, nasikia.
Sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa chumvi.

Saa tisa alasiri tukalizungushia mifuko ya mchanga.
Kipaza sauti kikapita njia nzima kikiomba watu watoke.
Nyati wakaswagwa hadi ng'ambo ya kijito.
Mae Thongsy alikataa kuondoka bila chungu chake,
tukamngoja akifunike, akifunge kwa kitambaa,
akibebe kwapani kama kuku.

Bouakham akahesabu.
Kwanza miguu ilisikia, ndipo masikio.
Kisha bata, wote kwa pamoja.
Kisha kimya, na moshi mwembamba
usiojua uelekee wapi.

Jioni nikampa karatasi yenye muhuri.
Hasomi. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye sketi.
Jembe lake nalijua: mpini mfupi,
ncha imelika upande mmoja.
Arobaini na kitu ya miaka amelima juujuu,
kama anayekuna kichwa cha mtoto mgonjwa,
na kila mwaka mpunga umemlipa juujuu.

"Mama, sasa chimba upendavyo."
Akanitazama. "Ruka kwanza," akasema.
"Wapi?"
"Hapo. Na hapo. Na pale kwenye mwinamo."

Basi nikaruka. Mtu mzima, miaka thelathini na minne,
na mabuti ya kazi, na kofia mkononi,
nikaruka shambani mwa mtu kama ndama,
Sengdao akifa kwa kicheko kule kwenye gari.
Mae Thongsy hakucheka. Alikuwa akihesabu.

Kisha akapiga jembe. Kiganja kimoja.
Akasimama, akameza mate.
Viwili. Udongo ulitoka mweusi,
wenye harufu ya kitu ambacho hakijawahi kuguswa.
Mara jembe likagonga kitu, to!
likabaki hewani.

Nikasogea, nikaangalia.
"Mzizi, mama. Mzizi tu."
"Najua," akasema.
Akaweka jembe chini, akapiga magoti,
akaanza kuuchimba kwa vidole,
kutoka ubavuni.