Kazi ya Baba

Fomu ilikuwa na mstari mmoja: Kazi ya baba.
Niliuacha mtupu.
Barafu ilishamaliza mifugo yetu, mia nne na kumi na wawili,
nasi tukahamia ukingoni mwa Ulaanbaatar,
hema likibanwa na ua wa mabati.
Nilinuka moshi wa makaa. Dawati lilikuwa la wawili,
nilikaa peke yangu.

Mwalimu Sarantuya hakunisaili mbele ya wenzangu.
Alingoja kengele: farasi mwekundu mwenye singa nyeupe,
nyumbani mnamwitaje?
Nikamtajia. Nikamtajia na wa kijivu,
na yule wa rangi ya maziwa mgando,
na wengine, hata gari la mwisho likaniacha.

Kesho yake ubao ulijaa farasi wetu,
chaki ikamwishia mkononi.
Bilguun, mtoto wa ghorofani, akanyoosha kidole:
huyo wa chini kabisa, yukoje?
Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

Baba alipoitwa alisita mlangoni.
Akapewa kiti chetu, magoti yakamfika kidevuni.
Mwalimu akamsogezea ile fomu.
Akaandika polepole, mkono uliozoea kamba:
Mfugaji.

Hakuongeza "zamani".