Ubani na Neno Kanisa

Hapa Ruwi Jumapili yetu ni Ijumaa.
Bwana Yesu, nadhani, hana neno na kalenda.
Wamalayali wametoka, Wafilipino hawajaingia,
sisi Waafrika tumepewa saa moja na nusu katikati,
na ubani wa waliotangulia bado umening'inia
kama mgeni aliyesahau kwamba ameshaaga.

Nikakohoa. Si kifua. Ni malezi.
Kule Wundanyi mchungaji alitufundisha
kwamba moshi ibadani ni mambo ya kipagani,
au ya Wakatoliki, hakutofautisha sana.
Bibi yangu Mkamburi alikuwa akitasa:
anajaza kinywa maji ya muwa, anayapuliza nje,
anamwita Mlungu aipoze nyumba.
Akabatizwa. Akapewa gauni, jina la Dorkasi
na saa ya ukutani. Akaacha.
Saa ilikufa mwaka uleule. Jina alizikwa nalo.

Sasa nasoma, usiku, Bi Shinuna akishalala.
Kitabu nimekiazima kwenye kabati la kanisa,
jalada limebaki kwa msomaji fulani wa zamani.
Kinasema (nafuata mstari kwa kidole)
mamajusi walibeba ubani,
na mti wa ubani humea Dhofari,
safari ya usiku mmoja kwa basi kutoka kitanda changu.
Basi zawadi ya mtoto huenda ilinukia hivi.
Mchungaji hakutuambia. Labda naye hakuambiwa.

Juzi Bi Shinuna aliamka na kiu, saa nane.
Kazaliwa Wete; Kiswahili chake huniaibisha changu.
"Wasoma nini, Mghoi?"
"Habari za kanisa."
Akacheka, meno yake yakinitazama ndani ya gilasi.
"Kanisa! Neno letu hilo, mwanangu. La Kiarabu.
Na msalaba, letu. Na sala. Na dhambi. Na Injili.
Nyinyi mlikuja na nini?"

Nikampa maji, nikahesabu. Kweli:
nikiwarudishia wenyewe maneno yao yote
nitabaki kanisani nimesimama mdomo wazi,
na hata hilo "kanisani", litabaki "ni" peke yake.

Lakini ukurasa uliofuata ulitucheka sote wawili:
Waarabu nao waliazima, kwa Waaramu,
ambao kwao neno lile lilikuwa kukusanyika tu,
halijajua mnara wala kengele.
Nilimsomea asubuhi nikimfunga ushungi.
"Kumbe sote wapangaji," alisema,
kisha akalalamika chai haina sukari.

Sijui kitabu hiki kinanipeleka wapi.
Kuna kurasa zinanibeba. Kuna moja inanikata:
picha ya waongofu wamepangwa ngazini,
kola zimewakaba, hakuna anayejua aweke wapi mikono,
na ningeapa mmoja ana paji la uso la bibi.
Imani walipewa ikiwa imevaa koti la mtu mwingine.
Nami miaka yote nimekuwa nikifua koti,
nikipiga pasi koti, nikiligombania koti.
Sisemi nilivue. Kiyoyozi cha hapa kina baridi.
Nataka tu kujua mshono umepita wapi.

Usiku huu Bi Shinuna ameomba nimfukizie chumba.
Nikatia makaa chetezoni, punje tatu za ubani,
zikalia kidogo kabla ya kuyeyuka.
Yeye akasema bismillahi. Mimi nilikuwa na maji kinywani
(nilikuwa nakunywa, ndivyo nitakavyosema nikiulizwa),
nikayapuliza dirishani, upande wa nje,
nikamwita Mlungu, jina ambalo wamisionari
walilikuta, wakaliacha palepale.

Nikamtumia mama ujumbe wa sauti:
bibi alipotasa, alikuwa akisema maneno gani hasa?
Jibu limeingia sasa hivi. Anauliza kama mshahara umetoka.
Halafu kimya, jogoo asiyejua saa, mlango kufungwa,
halafu sauti yake ya chini,
kama anayeogopa mchungaji yuko sebuleni:
"Mbona waniuliza leo?"